Karume haimo kwenye CV

Mwaka wa tisa huu niko Leeds, Uingereza, kwenye duka la nguo. Nilianza kwa kukunja sweta. Leo vijana waliomaliza chuo wakija kwenye usaili, mimi ni mmoja wa wanaouliza maswali. Na kila nikikaa pale namkumbuka mamdogo na meza yake ya mitumba katika soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam.

Kuna swali moja nalipenda. Tunaweka shati mezani: yaliletwa 120, wiki nne yametoka 30, mengi yaliyobaki ni saizi ndogo. Unafanyaje? Wenye digrii zao nzuri wanaanza kuhubiri chapa na mitandao ya kijamii. Tunamsubiri anayeuliza: yametundikwa wapi? Kuna tawi lenye wateja wa saizi hiyo? Bei ishushwe lini, kabla msimu haujapita?

Mamdogo angelijibu huku anakunywa chai. Belo la kilo 45 likifunguliwa alfajiri, grade one inaenda kwenye henga, inayofuata mezani, mabaki kwenye turubai. Saa mbili asubuhi gauni ni 8,000 na hataki mjadala. Saa nane, 5,000. Jioni watu wakikimbilia daladala utamsikia: "Buku buku, chagua mwenyewe!" Huku kuna watu wana ofisi na mshahara kwa kazi hiyohiyo. Mteja hana pa kujaribia suruali? Anamzungushia kiuno cha suruali shingoni. Ncha zikikutana, inamtosha. Siku moja nilimfanyia hivyo mzee mmoja hapa. Alicheka sana, akainunua.

Nilipokuwa Dar na shahada yangu ya biashara, niliomba kazi kwenye duka la nguo, yale ya vioo na kiyoyozi. Wakataka uzoefu wa miaka mitatu na wadhamini wawili. Likizo zangu zote nilizouza nguo Karume nilizificha, naona aibu. Wala hakuna aliyeniuliza kama najua kuuza.

Na huku ninakoishi duka kubwa lilianzia mezani. Mwaka 1884 Michael Marks, mhamiaji Myahudi aliyekuwa akitembeza bidhaa vijijini, alipata meza katika soko la Kirkgate hapa Leeds, akaweka bango: usiulize bei, ni peni moja. Mwaka 1894 akaungana na Thomas Spencer. Ndiyo hiyo Marks & Spencer. Kwa Kiswahili cha Dar, yule alikuwa machinga.

Ila nisimpambe mamdogo kupita kiasi. Haandiki kitu. Ukimuuliza belo limempa faida kiasi gani, anapapasa mkoba, na mkoba huohuo ndio wa ada, wa mboga na wa kumkopesha jirani. Huku usipojua kuhesabu mzigo na kusoma jedwali la Excel utakunja sweta mpaka uzeeke. Halafu kuna kurudishiwa nguo. Kwetu risiti inasema mali ikishauzwa hairudishwi, basi. Uingereza sheria ya 2015 inampa mnunuzi siku 30 kurudisha yenye kasoro na kudai pesa yake yote, na maduka mengi hupokea hata isiyo na kasoro. Jumatatu linaletwa gauni linalonukia manukato ya sherehe ya Jumamosi, lebo imebandikwa upya kwa pini. Hapo anatakiwa mtu wa kukataa bila kugombana. Sijaona chuo kinachofundisha hilo.

Wiki iliyopita mpwa wangu, kamaliza chuo mwaka huu, alinitumia CV niirekebishe. Kompyuta imo, uongozi umo, kuogelea kumo. Miaka miwili aliyouza Karume na bibi yake, mamdogo wangu huyohuyo, haimo. Nikamuuliza. Akajibu kwa sauti, anacheka: "Anko, na ile nayo inaandikwa?"

Nikamwambia aanze na vipande vingapi vinatoka kwenye belo moja, na vingapi vinalala mpaka jioni. Juzi amenijibu kwamba bibi anataka kujua nguo zake zinahesabiwa za nini.