Diski Ikigoma Baada ya Kompyuta Kulala, Usikimbilie Kununua Nyingine

"Diski imekufa, weka mpya." Kauli hii imezoeleka mno kwa mafundi wa Arusha na Moshi pale mteja anapoleta kompyuta ya Linux iliyogoma baada ya kuamka usingizini (suspend). Nasema bila kumung'unya maneno: hiyo ni hukumu bila ushahidi, na anayeilipia ni mteja.

Dalili zinajulikana. Kioo kinawaka, mshale unatembea, lakini ukibofya hakifunguki kitu, na ukijaribu kuhifadhi faili unajibiwa `Read-only file system`. Maana yake ext4, mfumo wa Linux wa kupanga faili kwenye diski, imekutana na hitilafu ikajifunga isiandikwe, ili data zisiharibike zaidi. Wengi hapo hushikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime. Ndipo ushahidi unapopotea! Ripoti za kerneli (kiini cha Linux) zilitakiwa kuandikwa kwenye diski ileile iliyotoweka, kwa hiyo ukiwasha tena, `journalctl`, amri ya kusoma ripoti hizo, haina la kukuambia.

Nakili kwanza data zako kwenye diski ya nje, kisha tega mtego. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika `sudo dmesg -w` inayoonyesha ripoti za kerneli papo hapo, iache wazi. Kwenye terminali ya pili andika `sudo rtcwake -m mem -s 60`: mashine italala na kuamka yenyewe baada ya sekunde 60. Rudia hata mara kumi, maana tatizo hili hujificha. Likitokea, piga picha kioo kwa simu kabla hujagusa chochote.

Ukiona `link is slow to respond` au `COMRESET failed`, bodi kuu ya kompyuta inaita na diski haiitiki. Kwa nini haiitiki, hilo ni swali jingine, na jibu huanzia kwenye `sudo smartctl -a /dev/sda` (sakinisha kwanza smartmontools), amri inayosoma kumbukumbu za afya ya diski. Mstari wenye namba 199 mwanzoni huhesabu data zilizoharibika njiani kati ya diski na bodi. Ukipanda, mshuku waya na viunganishi, siyo diski. Mstari wa namba 5 na wa namba 197 ndiyo inayohusu sekta mbovu, yaani vipande vya diski vilivyoharibika. 197 ikizidi kuongezeka, hapo fundi ana haki ya kusema nunua. Kumbuka 199 haishuki hata ukibadilisha waya, hivyo andika namba pembeni, badilisha waya, rudia mtego, linganisha.

Kwenye kompyuta ya mezani usiusahau umeme. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta takriban ampea 2 kwenye volti 12, na wakati wa kuamka kila kifaa kinadai umeme kwa mpigo. Pawa saplai iliyochoka, au waya mmoja uliogawanywa kwa diski tatu, utashindwa sekunde hiyohiyo. Vumbi letu la kiangazi nalo huingia mpaka kwenye viunganishi. Chomoa, safisha, chomeka tena kwa nguvu ya kutosha.

Waya ukiwa mzima, zuia kiungo cha SATA (njia inayounganisha diski na bodi) kisibane umeme:

`echo max_performance | sudo tee /sys/class/scsi_host/host*/link_power_management_policy`

Hii hudumu mpaka utakapowasha upya. Ikisaidia, iweke ya kudumu kwenye `/etc/tlp.conf` kama unatumia TLP, programu ya kubana matumizi ya umeme. Diski za NVMe, zisizotumia SATA, zina dawa yao: ongeza `nvme_core.default_ps_max_latency_us=0` kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` ndani ya `/etc/default/grub`, kisha `sudo update-grub`. Betri itaisha haraka kidogo. Ni bei ndogo kuliko diski.

Na umeme wa mtaani ukikatika wakati kompyuta ya mezani imelala, kilichokuwa kwenye RAM kimekwenda. Itawaka upya na kuandika `recovering journal`. Huo siyo ugonjwa wa diski. Ni ext4 inajipanga upya, iache imalize.