Tausi wa Wadai na kiunzi alichovuliwa

Ukitaja ngoma ya tausi ya Wadai, jamii ya Yunnan kusini-magharibi mwa China, wengi humkumbuka mchezaji Yang Liping na mchezo wake wa 1986: mwanamke peke yake, gauni refu jeupe, vidole vikitetemeka kama manyoya. Yeye ni Mbai, wa jamii nyingine ya Yunnan, si Mdai, na hapo ndipo ugomvi huanzia. Wapo wanaosema jukwaa limewapokonya Wadai ngoma yao. Wengine hujibu kwamba bila jukwaa tausi huyu asingejulikana nje ya mabonde yake.

Neno kupokonya halisimami vizuri. Aliyeanza kucheza bila kiunzi cha mbawa, akaiacha mikono iseme, ni Mao Xiang, Mdai wa Ruili, mji wa Yunnan. Mwaka 1957, Moscow, tausi wa kundi la wanawake aliyetungwa na Jin Ming alipata medali ya dhahabu. Mikono ilinufaika kweli: kidole gumba na cha shahada hukutana kuwa mdomo, vitatu vilivyobaki hutanuka kuwa kishungi.

Lakini kilichovuliwa kinadharauliwa mno. Tausi wa zamani alikuwa mwanamume mwenye kinyago, kofia ya dhahabu iliyochongoka kama mnara wa hekalu, na kiunzi cha mianzi kilichofunikwa kitambaa. Nyuzi ziliunganisha mbawa na mkia na mikono yake, akivuta, vinafunguka. Watu hukiona kiunzi kuwa kifungo. Sivyo. Mikono ikishikwa na nyuzi, usemi wote hushukia magotini, na magoti ndiyo ngoma yenyewe.

Mdundo mzito ukilia, goti hukunjwa, halafu hunyooka polepole. Mguu hurushwa nyuma kwa haraka, kisigino kikielekea makalio, kisha hutua taratibu. Anayeruka-ruka kiunzi humuumbua papo hapo, kwa kuwa mbawa nzima zinatikisika. Mwanafunzi wa baleti asiye na kiunzi hana wa kumuumbua: hupanda pale anapopaswa kushuka, hunyoosha kidole cha mguu, na tausi anageuka shomoro. Hata ile mikunjo mitatu ya mwili, magoti, nyonga na kifua, hubaki pozi la picha, maana haina goti la kuibeba.

Ngoma inayopigwa nayo ina kazi yake. Ni ndefu, umbo la mguu wa tembo, na katikati ya ngozi hubandikwa wali wa kunata ili sauti iwe nzito. Hupigwa kwa kiganja, ngumi na vidole, pamoja na upatu na matoazi. Tausi anapotoka kiotani, akatafuta maji, akanywa, akaoga na kuanika mbawa, mpigaji anaweza kumsubiri. Rekodi haisubiri.

Mwaka 2006 ngoma ya tausi ya Ruili iliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi. Hiyo ni heshima, ila orodha haifundishi mguu kutua. Anayeanza afungwe kwanza kiunzi chepesi, apigiwe ngoma kwa mkono, na vidole vingoje mpaka magoti yameshika mdundo.