Masaa Matatu Yaliyonifungia Leseni Niliyoilipia

Alhamisi usiku nilikuwa namalizia ramani ya nyumba ya vyumba vitatu. Mteja alitakiwa kuiwasilisha halmashauri Ijumaa asubuhi kuombea kibali cha ujenzi. Kilichobaki ni jedwali la milango na madirisha, pamoja na kuhakiki vipimo vya kiwanja alivyoniletea kwenye flashi. Flashi za wateja siku hizi sizifungui tena kwenye Windows. Zinatoka stesheneri, zimepita kompyuta za watu kibao, na nyingi zina kile kirusi kinachoficha mafolda na kuweka shotikati mahali pake. Kwa hiyo nikahifadhi kazi, nikazima Windows, nikawasha upande wa Linux, mfumo endeshi mwingine, ambao nilikuwa nimeuweka siku mbili nyuma kwenye kompyuta hiyohiyo kwa ajili ya shughuli kama hii hasa. Nikaunganisha intaneti ya simu, nikafungua flashi, nikanakili faili la vipimo, nikarudi Windows. Haikuzidi robo saa.

Programu ya kuchorea ikagoma kufunguka. Katikati ya skrini kikatokea kisanduku cheupe kinachosema saa ya kompyuta imerudishwa nyuma, na leseni imesimamishwa. Nikatazama kona ya chini kulia: 19:24. Nikatazama simu iliyokuwa mezani: 22:24. Nikarekebisha saa kwa mkono, nikafungua tena programu, kisanduku kilekile. Nikazima na kuwasha. Kilekile. Programu ilikuwa imeshaniwekea alama, na alama hiyo hakuna wa kuifuta isipokuwa muuzaji.

Leseni ile nimeilipia. Ni ya mwaka mzima, na bei yake inazidi ninachobaki nacho mwezi mzuri wa kazi. Ningeweza kupata ya kuchakachua kwa fundi yeyote kwa bei ya chakula cha mchana. Nililipa kwa sababu ndiyo kazi inayonilisha, na sikutaka kukaa na hofu.

Nataka kueleza kilichotokea, kwa sababu najua si mimi peke yangu, na wengi wakikutana nacho wanadhani kompyuta imeharibika au wamedukuliwa.

Kwenye mazabodi, bodi kuu ya kila kompyuta, kuna saa ndogo inayoendeshwa na betri ya duara kama kifungo cha shati, inayoendelea kuhesabu hata ukichomoa waya wa umeme. Saa hiyo haijui kama iko Morogoro au Tokyo. Inatunza tarakimu tu, na mfumo endeshi ukiwaka ndio unaoamua tarakimu hizo zina maana gani. Windows, kwa mazoea yaliyotoka enzi za DOS, mfumo endeshi wa zamani ulioitangulia, inachukulia kuwa ni saa ya mahali ulipo. Linux inachukulia kuwa ni saa ya dunia, ile ya UTC, kisha inaongeza au kupunguza kulingana na nchi yako. Sisi Afrika Mashariki tuko masaa matatu mbele ya UTC. Usiku ule Linux ilipopata intaneti iliuliza saa sahihi, ikajibiwa, ikaandika 19 na dakika zake kwenye saa ya mazabodi, na kwa hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Windows ilipowaka ikasoma 19, ikaamini ni saa ya hapa kwetu. Programu ya kuchorea, ambayo ilikuwa imeweka kumbukumbu kwamba mara ya mwisho niliitumia saa 22 na ushee, ikaona muda umerudi nyuma. Ikahukumu.

Mtu wa London katikati ya Januari anaweza kuweka mifumo yote miwili na asione lolote, kwa kuwa saa yake na ya UTC ni moja. Wa New York atakuta Windows imekimbia mbele masaa manne au matano, na saa itarudi nyuma pale Windows itakapojisahihisha. Sisi wa huku tunarudishwa nyuma papo hapo, kila tunapotoka Linux kwenda Windows. Tatizo hili limekaa kwenye ramani yetu, na aliyetunga ukaguzi ule wa leseni sidhani kama aliwahi kutufikiria.

Kinachoniuma zaidi ni ukaguzi wenyewe. Najua kwa nini upo: mtu aliyepewa siku 30 za majaribio anarudisha kalenda nyuma ili siku zisiishe. Sawa. Lakini mwizi wa namna hiyo anarudisha wiki, anarudisha miezi. Mimi nilikuwa na miezi saba iliyobaki kwenye leseni. Nikirudisha saa nyuma kwa masaa matatu, tena matatu kamili bila dakika kuzidi wala kupungua, naiba nini? Programu inajua tarehe ya mwisho ya leseni yangu, inajua ukanda wa saa wa kompyuta, na tofauti iliyoiona ni sawasawa na ukanda huo. Hesabu ya kutambua hilo ni mistari michache kwa mwandishi wa programu, na hakuiandika. Mteja anayelipa ndiye aliyebebeshwa gharama ya uvivu huo.

Nikaandika kwa huduma kwa wateja usiku uleule. Jibu lilikuja Jumatatu. Walifungua leseni, nashukuru, lakini wakaongeza kwamba programu yao haikubaliki kwenye kompyuta yenye mifumo miwili, na nikitaka kuitumia pande zote ninunue leseni ya pili, kwa sababu kwao hizo ni kompyuta mbili. Ijumaa ilikuwa imeshapita. Mteja alikwenda halmashauri wiki iliyofuata, na alinipigia mara nne kati ya siku hizo. Mara ya nne aliniuliza kama kweli naiweza kazi hii.

Kompyuta mbili! Mazabodi moja, diski moja, kibodi moja yenye herufi A iliyofutika.

Baadaye nilielewa kwa nini wanahesabu hivyo. Programu hizi hazikutambui wewe wala risiti yako, zinatafuta alama kwenye mashine, na alama inayotafutwa inategemea mfumo uliowaka. MATLAB, programu ya mahesabu, ni mfano unaojulikana: kwenye Windows hutazama namba ya utambulisho wa diski C, kwenye Linux hutazama namba ya kadi ya mtandao. Kwa hiyo mashine moja inatoa majina mawili kulingana na upande uliowasha. Na namba hiyo ya diski C si ya chuma, inazaliwa diski inapofomatiwa. Fundi akikupigia Windows upya, mbele ya programu kama hiyo wewe ni mtu mgeni, hata kama kompyuta haijatoka mezani.

Kuna kisa cha zamani kidogo ambacho ningependa kila anayeuza programu akisome. Diski za mpangilio wa zamani ziligawanywa kwa sekta za baiti 512. Sekta ya kwanza ilikuwa na maelekezo ya kuwashia kompyuta, na 62 zilizofuata kwa kawaida ziliachwa wazi. GRUB, ile programu inayokupa orodha ya kuchagua Linux au Windows, ilijihifadhi hapo, jambo la kawaida kwa programu za kuwashia. FlexNet, mfumo wa leseni uliotumiwa na programu nyingi za gharama, nao ukawa unaandika alama yake hapohapo, kwa siri, ili hata ukifuta programu na kuiweka upya alama ibaki. Iliandika kwenye sekta ya 32. Kama GRUB ilikuwa imekalia sekta hiyo, alama iliandikwa juu yake. Mtu anafungua programu yake halali ndani ya Windows, anafanya kazi, anazima. Asubuhi kompyuta haiwaki, si Linux wala Windows.

Colin Watson, aliyekuwa akishughulikia GRUB kwa Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, alilieleza tatizo hilo hadharani mwaka 2010. Suluhisho lilitoka kwa wale wasiouza kitu. GRUB ikafundishwa kuitambua alama ya FlexNet na kuiruka, kisha ikaongezewa hesabu za Reed-Solomon, zilezile zinazoiwezesha CD yenye mikwaruzo kuendelea kupiga muziki, ili hata ikivurugwa kidogo iweze kujirekebisha. Na ikikuta sekta imekaliwa inatoa ujumbe unaotaja jina la programu husika na kumsihi mtumiaji awaombe waliotengeneza waache kuhifadhi data sehemu ile. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi na kila mara nawaheshimu zaidi walioandika. Siku hizi kompyuta nyingi zinawashwa kwa UEFI, mfumo mpya wa kuwashia, na GRUB ni faili ndani ya sehemu yake maalumu, kwa hiyo ugomvi ule umekwisha kwa sehemu kubwa. Tabia iliyouzaa haijaisha.

Kelele za wateja zinasaidia, usidharau. TurboTax, programu ya Wamarekani ya kujazia kodi, iliwekewa uamilishaji (kuithibitisha leseni kwenye mashine kabla programu haijakubali kufanya kazi) wa aina hiyo kwenye toleo la mwaka wa kodi 2002. Wateja walilalamika sana, pamoja na mambo mengine kwa sababu kinga yake dhidi ya kunakiliwa iliandika kwenye eneo hilohilo la kuwashia diski. Mwaka 2003 kampuni ya Intuit ilitangaza kuuondoa uamilishaji huo.

Kwa upande wa leseni ya Windows yenyewe kuna hofu nyingi mtaani ambayo haina msingi. Watu wananiuliza: nikiweka Linux pembeni, Windows yangu haitadai kuamilishwa upya? Haitadai. Tangu Windows 10, leseni ya kidijitali imefungwa na mashine, hasa mazabodi, na kugawa diski hakuigusi. Ukibadilisha mazabodi, hapo ndipo kuna kazi. Na kompyuta nyingi zilizouzwa na Windows tangu toleo la 8, mwaka 2012, zina ufunguo ulioandikwa kiwandani ndani ya mazabodi yenyewe, kwenye jedwali liitwalo MSDM.

Jirani yangu alinunua laptopu ya mtumba iliyoletwa kutoka Dubai. Fundi alimpigia Windows ya Pro, maandishi ya kudai uamilishaji yakakaa kona ya skrini, fundi akaiwekea kifaa cha kukraki na kumwambia azime kinga ya virusi kwanza. Akazima! Mashine ilipoanza kufungua kurasa zenyewe aliniletea. Nikaiwasha kwa flashi ya Linux bila kuweka chochote kwenye diski, nikaandika amri moja: sudo strings /sys/firmware/acpi/tables/MSDM. Herufi na tarakimu 25 zikajipanga mbele yetu. Ufunguo halali, ila wa toleo la Home, si la Pro alilopigiwa na fundi. Alikuwa ameununua pamoja na mashine na hakuna aliyemwambia. Nikahifadhi picha zake, nikafuta kila kitu, nikaweka Windows Home, na ikajiamilisha yenyewe ilipoona intaneti. Aliuliza kwa sauti ya chini, “Kwa hiyo kaka, muda wote huu nilikuwa nayo?” Ulikuwa nayo, mama. Ilibandikwa ndani.

Hapo ndipo nasema uamilishaji kama tunavyouishi umekosewa. Jirani mwenye leseni halali anaishia kwa kraki, na aliyelipia kwa hiari anafungiwa kwa kuchunguza flashi. Ushahidi wa kununua uwe ni ununuzi: akaunti yangu, risiti yangu, jina langu. Mashine nitabadilisha diski yake, nitaiongezea mfumo wa pili, nitaiacha bila intaneti wiki nzima bando likiisha, na hakuna hata moja kati ya hayo linalohusu kama nimelipa.

Kwa aliye na shida ya saa kama yangu, dawa ni rahisi kwetu kuliko kwa Wazungu. Wao wanaonywa wasiilazimishe Linux kutunza saa ya mahali, kwa kuwa nchi zao husogeza saa mara mbili kwa mwaka na mifumo miwili inaweza kusogeza maradufu. Sisi hatusogezi saa. Ukiwa Linux andika timedatectl set-local-rtc 1, washa upya, na mifumo yote miwili itasoma tarakimu zile kwa maana moja. Itakuonya kwamba mpangilio huo haupendekezwi, lakini kwa ukanda wetu wa saa sijaona ubaya wake. Fanya hivyo siku unayoweka Linux, kabla hujafungua programu yoyote yenye leseni. Mimi nilichelewa siku mbili.

Juzi nimewaandikia tena wauzaji wa programu ile. Nimeambatisha picha ya skrini yenye 19:24, picha ya simu yenye 22:24, na risiti. Nimewaomba wabadilishe ukaguzi wao utambue ukanda wa saa, na waondoe kwenye masharti kile kifungu cha kuhesabu mifumo miwili kuwa kompyuta mbili. Wakati nasubiri jibu nachora ramani ndogo ya choo na bafu kwa LibreCAD, ambayo ni ya bure na inafunguka pande zote mbili, nione kama mkono wangu utaizoea. Leseni yangu inaisha Februari.