Karatasi ya paka, kamba ya mbwa

Katika miaka kumi na mmoja niliyoishi Liège, Ubelgiji, nimesimama kwenye foleni za ofisi ya komini, yaani serikali ya mtaa, kwa sababu nyingi: kibali cha kuishi, cheti cha ndoa, uthibitisho wa anwani, na mara moja kupinga faini ya takataka ambazo hazikuwa zangu. Foleni ambayo sikuwahi kuiwaza nilipoondoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni ile ya kuomba karatasi inayothibitisha kwamba ninaruhusiwa kufuga paka. Tangu tarehe 1 Julai 2022, mkazi wa Wallonia, jimbo la Ubelgiji lenye mji wetu, anayenunua au kuchukua mnyama wa nyumbani sharti aonyeshe karatasi hiyo. Kila mtu anahesabiwa kuwa na haki ya kufuga, lakini anaweza kunyang'anywa kwa kosa la kumtesa mnyama, na komini ndiyo inayotazama kama jina lako limo miongoni mwa walionyang'anywa.

Jina langu halikuwamo, nikaenda kwenye kituo cha shirika linalohifadhi wanyama waliotupwa. Mama mmoja wa kujitolea aliniuliza natoka kazini saa ngapi, nani atamlisha paka nikisafiri, dirisha la jikoni linafungwa vipi, na kama watoto wangu wamefundishwa kutomvuta mnyama mkia. Baba mkwe wangu, siku ya mahari, aliuliza machache kuliko hayo. Paka alikuwa amekwisha kuchanjwa, amefungwa kizazi na kuwekewa chipu yenye namba chini ya ngozi, nami nikalipa sehemu ya gharama hizo na kutia sahihi mkataba kwamba nikishindwa kumtunza nitamrudisha palepale.

Mama mkubwa wangu wa Kadutu, kule Bukavu, alipoyasikia hayo kwenye simu alicheka mpaka laini ikakatika. Alipopiga tena aliuliza, kwa sauti isiyokuwa na kicheko, imekuwaje paka apate karatasi kabla ya mwanawe, ambaye anasubiri viza tangu mwaka uliotangulia. Sikuwa na jibu la kumpa, na hata leo sina.

Wengi wetu tuishio huku tunalimaliza jambo hili kwa sentensi moja: Wazungu wanapenda mbwa kuliko watu. Nami nimeisema mara nyingi, hasa mezani Matonge, mtaa wa Waafrika huko Brussels, baada ya chupa ya pili. Siku hizi naiona kuwa sentensi ya uvivu, kwa sababu historia ya mashirika ya kutetea wanyama haiendi hivyo. Mwaka 1822 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya ng'ombe, farasi na kondoo kwa juhudi za mbunge Richard Martin, na mwaka 1824 yeye na wenzake wakakutana London kuunda chama cha kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, ambacho leo kinaitwa RSPCA. Miongoni mwa waasisi alikuwemo William Wilberforce, yuleyule aliyepigania kwa miaka mingi kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Ni kweli pia kwamba chama cha London cha kuwalinda watoto dhidi ya ukatili kilizaliwa mwaka 1884, yaani miaka sitini baada ya kile cha farasi, na mtu akitaka kuwacheka ana haki yake. Lakini New York, mwaka 1874, msichana aliyekuwa akipigwa nyumbani alipokosa mtetezi, aliyesaidia kesi yake ifike mahakamani ni Henry Bergh, mwanzilishi wa chama cha wanyama cha huko, na mwishoni mwa mwaka huohuo kikaundwa chama cha watoto. Mtindo wa kubisha hodi kwenye mlango wa mtu na kumwuliza anamtendea nini kiumbe asiyeweza kushtaki ulianza kwenye zizi, ukaingia nyumbani baadaye.

Kwa hiyo sina ugomvi na huruma yenyewe. Ugomvi wangu ni juu ya namna inavyotumika, na kipimo ninachotumia ni hiki: shirika linamfanyia nini mtu aliyeshika kamba ya mnyama? Mnyama wa kufugwa haishi peke yake. Mbuzi ana mwenyewe, mbwa ana ua anaolinda, punda ana mchukuzi ambaye naye ana njaa. Shirika linaloiona shingo ya mnyama tu, bila kuuona mkono ulioshika kamba, linaweza kukusanya fedha nyingi sana na kubadilisha machache.

Tangu nimchukue paka, sanduku langu la barua limejaa bahasha zenye picha za watoto wa mbwa wenye macho makubwa. Anayetuma anajua kazi yake, kwa kuwa macho hayo yanafungua pochi. Tatizo ni kwamba picha huchagua. Kuku ndio wanaochinjwa kwa wingi kupita mifugo yote ya nchi kavu, lakini hakuna anayelia kwa ajili ya kuku, na samaki ndio kabisa. Njia nyingine, ambayo mimi naiheshimu zaidi, ni ile ya kushuhudia. Shirika la GAIA, lililoundwa Ubelgiji mwaka 1992, lilijitengenezea jina kwa kuingia na kamera katika masoko ya ng'ombe na kuwaonyesha watu jinsi mnyama anavyopigwa fimbo akishuka kwenye lori. Wafugaji walilichukia, na wapo wanaolichukia hadi leo. Aliyedhani kazi ya kuchungulia mifugo ni ya amani katika nchi tajiri, na amkumbuke Karel Van Noppen, mkaguzi wa mifugo Mbelgiji aliyepigwa risasi karibu na nyumba yake mwezi Februari 1995 kwa sababu alikuwa akiwafuatilia walanguzi wa homoni za kunenepesha ng'ombe. Huwa namtaja kila ninapoambiwa kwamba watu wa kufa kwa ajili ya kazi ya namna hii ni walinzi wa mbuga zetu tu.

Lipo na suala la uchinjaji. Mwaka 2019 majimbo mawili ya Ubelgiji, Flanders na Wallonia, yalianza kukataza kuchinja mnyama ambaye hajapoteza fahamu kwanza, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikubali katazo hilo mwezi Februari 2024. Jirani yangu Mwislamu ananiuliza kwa nini mwindaji wa misitu ya Ardennes, hukuhuku Wallonia, aachwe ampige nguruwe pori risasi na kumfuata msituni saa nzima, ilhali yeye hawezi kuchinja kondoo wa Idi kama baba yake alivyochinja. Mimi naiunga mkono sheria ile, kwa kuwa mnyama anapungukiwa maumivu. Hata hivyo nilichukizwa kuona kampeni ikishangiliwa na watu ambao hawakuwahi kuuliza kuku wa dukani alilelewaje, na ambao ghafla waligundua mapenzi ya kondoo siku walipojua anachinjwa na nani. Mashirika yalijua kwamba sauti hizo zinayasaidia, na sikuyasikia yakizikataa kwa nguvu inayotosha.

Sasa turudi kwetu. Mtu akitoka Bukavu kwa njia ya Kavumu anafika Lwiro, kwenye majengo makubwa ya utafiti yaliyojengwa na Wabelgiji, ambako tangu mwaka 2002 kuna kituo cha kulea sokwe mtu, wale tunaowaita sokomutu, na nyani wengine walionyang'anywa wawindaji na wauzaji. Leo kina sokwe mtu zaidi ya mia moja. Kanuni yao ya kwanza ni ngumu kueleweka kwa mgeni mwenye huruma: sokwe mtoto hanunuliwi hata akiwa anakufa mbele yako, kwa sababu ili mtoto mmoja apatikane mama yake lazima auawe, mara nyingi pamoja na wengine wa kundi, na kila dola unayotoa kumwokoa huyu ni oda ya mwingine. Kinachotakiwa ni mamlaka ya hifadhi kuja kumnyang'anya muuzaji. Kanuni hiyo ilijaribiwa vibaya mwezi Septemba 2022 huko Lubumbashi, pale watu walipoingia usiku katika kituo kingine cha kulea sokwe, kiitwacho J.A.C.K., wakaiba sokwe mtu watatu wachanga na kudai fidia. Wenye kituo walikataa kulipa. Nilibishana na mke wangu juma zima juu ya jambo hilo, yeye akisema kwamba kukataa ni ukatili mwingine. Mimi naamini walikuwa sahihi, ingawa nafurahi kwamba uamuzi haukuwa wangu.

Lwiro ninaitetea mbele ya wanaocheka, kwa kuwa watunzaji ni watu wa palepale na mshahara wao unaingia katika nyumba za palepale. Upande wa pili wa barabara hiyohiyo, hata hivyo, ipo mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 kwa ajili ya gorila, na ambamo Batwa, wenyeji wa asili waliokuwa wakiishi msituni humo, walitolewa bila kupewa ardhi ya kutosha kwingine. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba haki zao zilivunjwa. Nimepokea hapa Liège vipeperushi vya gorila wa Kivu vilivyochapishwa kwa karatasi nzuri. Sijapokea hata kimoja kinachomtaja Mutwa. Mchangiaji wa hapa anatoa euro zake kwa moyo safi, akiamini msitu ule haukuwa na mtu. Ni wajibu wa shirika kumwambia ukweli huo, hata kama ukweli utapunguza michango.

Na mbwa? Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu kichaa cha mbwa ni jambo ambalo halina picha nzuri. Karibu watu 59,000 wanakadiriwa kufa kwa ugonjwa huo kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka kumi na mitano. Kati ya kesi mia, tisini na tisa zinatokana na kuumwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza hakuna dawa. Aliyeumwa anatakiwa kuosha kidonda papo hapo kwa maji na sabuni muda wa dakika kumi na tano, kisha apate chanjo ya haraka, na hiyo chanjo ya haraka ndiyo inayokosekana kwetu. Mpwa wangu alipoumwa, tulizunguka siku mbili na sehemu ya siku ya tatu kutafuta dozi ya kwanza, na pale ilipopatikana tuliambiwa dozi zinazofuata tutajitafutia wenyewe. Alipona, namshukuru Mungu. Mbwa aliyemuuma aliuawa kwa mawe siku hiyohiyo, na jioni wakauawa mbwa wengine wanne wa mtaani, akiwemo wa kwetu aliyekuwa amefungwa na ambaye hakuwa amemgusa mtu.

Kuua mbwa hakuondoi kichaa. Nafasi ya waliokufa hujazwa na watoto wa mbwa wasiokuwa na chanjo, na pengine umewaua haohao waliokuwa wamechanjwa. Kinachofanya kazi kinajulikana: ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali na kurudia kwa utaratibu, ugonjwa unakosa pa kupitia, na mtoto analindwa bila yeye kudungwa sindano. Kwangu hii ndiyo kazi ya hisani iliyo bora kuliko zote za wanyama, maana mbwa haumizwi, mwenye mbwa habaki bila mlinzi wa ua wake, na mama wa jirani analala.

Mwezi Agosti 2024 nilikwenda likizo na fedha nilizozikata kwenye mchango wangu wa kila mwezi wa hapa, nikakubaliana na daktari wa mifugo achanje mbwa wa barabara yetu na ile ya chini yake. Mama mkubwa, aliyecheka habari za paka, alishika daftari la shule na kuandika: jina la mwenye mbwa, rangi, dume au jike. Nilitarajia wanaume waje na mbwa wao. Walikuja watoto, wakiwavuta kwa vitambaa vya kitenge na kamba za kufungia makaa, kwa sababu mbwa wengi wa kwetu hawamkubali mtu yeyote isipokuwa mtoto anayewatupia mabaki. Tulichanja mbwa thelathini na wanne. Saba hawakushikika.

Mwaka 2025 hatukurudia. Waasi wa M23 waliuteka mji, benki zikafungwa, daktari akahama, na chanjo ile inahitaji baridi ya nyuzi mbili hadi nane wakati umeme unakuja utakavyo. Hapo ndipo nilipoelewa faida ya shirika lenye jenereta, friji na watumishi wanaolipwa hata mwaka ambao hakuna cha kupiga picha, faida ambayo mtu mmoja mwenye likizo na moyo mwema hawezi kuifikia. Juma lililopita mama mkubwa alinipigia akiwa na daftari mkononi. Kumi na moja kati ya wale thelathini na wanne wamekufa au kupotea, na katika barabara zote mbili amehesabu watoto wa mbwa kumi na watano. Aliniuliza awaandike chini ya majina yaleyale au aanze ukurasa mpya, kisha akauliza paka hajambo.