Boxer 150 au Boxer 100: laki tano ya juu inarudi wapi?

Kwenye vijiwe vya bodaboda ubishi huu hauishi. Kijana ana pesa ya kununua pikipiki ya Boxer BM 100, akiongeza kama laki tano anaondoka na BM 150, na kila aliyekaa kijiweni ana ushauri wake. Wengi huanza kwa kusifia injini. Mimi naona tuanze na anayelipa nauli.

Dar es Salaam, abiria anayetoka Mwenge kwenda Kawe hamuulizi dereva pikipiki yake ina sisi (cc, yaani ukubwa wa injini) ngapi. Anauliza bei, anataka afike. Nauli ni ileile, njia ni tambarare, na foleni inawasimamisha wote. Hapo 150 haiingizi hata shilingi ya ziada, ila inakunywa zaidi. Tupige hesabu: pikipiki itembee kilomita 120 kwa siku, ndogo iende kilomita 50 kwa lita, kubwa 40. Ndogo itamaliza lita 2.4, kubwa lita 3. Petroli ikiwa shilingi 3,000, tofauti ni 1,800 kila siku, na kwa siku 300 za kazi ni 540,000. Yaani ile laki tano uliyoongeza dukani unaitoa tena sheli ndani ya mwaka mmoja. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi, kwa hiyo kila mtu aweke namba zake. Kwa dereva wa mjini, jibu litaelekea kulekule.

Aliye kwenye mkataba, yaani anayempelekea mwenye pikipiki hesabu ya kila siku hadi pikipiki iwe yake, anaumia zaidi, na huyu ndiye ninayemfikiria kuliko wote. Mwenye pikipiki akinunua ya bei kubwa, anaipandisha ile tofauti kwenye mkataba na kuweka faida yake juu. Kwa hesabu ya 10,000 kwa siku, laki tano tupu, bila faida ya mtu, ni siku 50 zaidi za kupeleka hesabu kabla kadi haijawa yako. Na siku hizo zinakuja mwishoni, wakati pikipiki imeshaanza kudai cheni, sproketi na klachi pleti kutoka mfukoni mwa dereva.

Lakini nenda Lushoto. Kutoka Mombo barabara inapanda karibu mita 1,000 ndani ya kilomita zipatazo 33, na ukishavuka mji zinabaki njia za vumbi na makorongo kuelekea vijijini. Mzigo ni viazi, kabichi, matenga ya nyanya, na malipo yanafuata mzigo. Sasa injini ina la kusema. BM 100 ina sisi 99 na nguvu za farasi kama 8. BM 150 ina sisi 144.8 na nguvu za farasi 12. Kule juu hewa ni nyepesi, na injini ya kabureta inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake, kwa hiyo ile ndogo inabaki na kama 7. Ipakie magunia mawili: inapanda kwa gia ya kwanza, mafuta yamevutwa hadi mwisho, dereva amelalia tangi ili tairi la mbele lisinyanyuke, na harufu ya klachi inayoungua anaisikia akiwa bado njiani. Ikishinda hivyo kutwa, ile tofauti ya mafuta niliyopiga juu inayeyuka, na ringi zinakwisha kabla ya wakati wake. Kwa dereva wa huko laki tano ni halali kabisa. Inarudi kwa mzigo anaoubeba na kwa fundi asiyemtembelea kila mwezi.

Wapo wanaosema 150 ni salama zaidi kwa kuwa ni nzito na imetulia barabarani. Sikubaliani nao. Boxer 150 nyingi tunazoziona zina breki za dramu mbele na nyuma, sawa na zile ndogo, huku mwendo ukiwa mkubwa zaidi. Majeruhi wa bodaboda wanaofikishwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili wanatosha kutufanya tulipime hili kwa uzito. Dereva wa mjini akibaki na hiyo laki tano, anunue kofia ngumu mbili zenye mkanda unaofunga kweli, ya kwake na ya abiria, na abadilishe tairi la nyuma kabla halijawa kipara.

Hoja ya kuuza mkononi ina ukweli wake, maana 150 inapata mteja haraka. Hata hivyo, bei ya ziada utakayopewa baada ya miaka miwili ni sehemu tu ya ulichoongeza, na mafuta uliyokwishachoma hakuna atakayekurudishia.

Mgumu kuamua ni dereva wa mahali kama Morogoro, anayezunguka mjini siku nyingi na mara mojamoja anapanda Mgeta kufuata mboga. Huyo ningemwambia ahesabu safari za mlimani za mwezi mmoja kabla ya kwenda dukani. Zikiwa za siku ya soko tu, achukue 100, na mzigo mkubwa amwachie mwenye 150.