Kikoa kisomeke kwa jina lako, si la fundi

Dada mmoja mwenye nyumba ya wageni Raskazone amenijia wiki hii karibu kulia. Tovuti yake haifunguki, barua pepe za wageni hazifiki, na kijana aliyemtengenezea alishahama Tanga, hapatikani. Tulipomuuliza msajili, yaani kampuni inayoandikisha vikoa, kumbe kikoa, lile jina la tovuti na barua pepe zake, kimeandikwa kwa jina la kijana, simu ya kijana, barua pepe ya kijana. Taarifa za kuhuisha zote zilikwenda huko.

"Kaka, pesa nilitoa mimi. Jina langu halimo popote?"

Halimo. Tumemwandikia msajili, tukaambatanisha leseni ya biashara, TIN na risiti, tunasubiri. Na nina hasira, kwa sababu haya nimeyaona Ngamiani, nimeyaona Chumbageni, kwenye shule binafsi na hata SACCOS.

Ni sawa na kujenga nyumba halafu hati ya kiwanja itoke kwa jina la mwashi. Kikoa hukinunui kikawa chako milele: unasajiliwa kukitumia kwa muda uliolipia, kisha unahuisha. Anayetambulika ni aliyeandikwa kuwa mmiliki. Ukitaka kuhamia kwa msajili mwingine, msimbo wa uhamisho, yaani namba ya siri ya kukihamishia, anapewa huyo, na mwenye risiti anabaki kubembeleza. Muda ukiisha bila malipo, mwishowe kikoa kinafutwa na yeyote aweza kukisajili. Jina ulilolichora kwenye kibao, kadi na ubavu wa gari linakuwa la mtu usiyemjua.

Sisemi mafundi ni wezi. Wengi huandika majina yao kwa haraka tu, eti mteja hana barua pepe. Basi mfungulieni! Kazi hiyo haimalizi hata kikombe cha chai.

Wapo wanaosema bora .com. Inajulikana zaidi, hilo silipingi. Ila huko nako ukiandikwa kwa jina la fundi, yatakukuta yaleyale, na rejesta yake, yaani daftari kuu la majina hayo, inaendeshwa na kampuni ya Verisign ya Marekani. Ya .tz iko hapa nchini. ICANN, shirika linaloratibu majina ya vikoa duniani, iliridhia mwaka 2010 ikabidhiwe tzNIC, kituo kilichoundwa hapa Tanzania kuisimamia, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ipo. Mama wa Tanga anaweza kulalamika kwa Kiswahili akaeleweka. Kwangu mimi hilo ni kubwa.

Wewe mwenye co.tz, or.tz au sc.tz, mpigie fundi wako leo. Kikoa kinasomeka kwa jina la nani? Kinaisha lini? Akikujibu "usijali, mimi nipo", mwambie aje abadilishe ukiwa umekaa naye.