Mbwa wa Kutafuta Pembe: Pua Haina Kosa, Kalenda Ndiyo Yenye Utata

Ng'ombe na swala hukaa na pembe zao maisha yote. Kulungu dume wa Amerika Kaskazini ("deer" kwa Kiingereza, si kulungu wa Afrika) huzidondosha kila mwaka. Pembe zake ni mfupa. Msimu wa kupandana ukipita, testosteroni, yaani homoni ya kiume, hushuka, mfupa hulika pale uliposhikana na fuvu, na pembe huanguka. Kwa kulungu mkia-mweupe hilo hutokea zaidi kati ya Januari na Machi, na kwa wapiti, aina ya kulungu mkubwa kuliko yeye, Machi na Aprili. Huko Marekani wapo wanaozitafuta kwa kupenda tu, na wapo wanaoziuza kwa mafundi wa visu na samani. Siku hizi wengi huingia porini na mbwa aliyefunzwa kazi hiyo, na hata mashindano yapo.

Wanaolitetea jambo hili wana hoja nzito. Pembe ya kahawia iliyolala kwenye majani makavu humpita mtu hatua mbili tu kutoka mguuni pake, lakini mbwa hupata harufu yake upepo ukimjia. Mafunzo yenyewe hayana ukatili: mbwa yeyote apendaye kuokota na kuleta anaweza kuanza. Mtoto wa mbwa hupewa kwanza pembe ya bandia iliyo laini, maana ncha ya pembe halisi ikimchoma ufizi anaweza kuikataa kabisa. Baadaye huletewa ya kweli, kwanza kwenye nyasi fupi aione, kisha kwenye nyasi ndefu ambako macho hayamsaidii. Anayeificha huvaa glavu na hubadilisha njia anazopita, la sivyo mbwa hujifunza kufuata harufu ya mkono na nyayo za bwana wake. (Nashuku mbwa wengi wanaosifiwa bustanini ni mabingwa wa kumtafuta mwenye nyumba.) Akiileta, apewe zawadi na pembe ichukuliwe, kwa kuwa mbwa anayeachwa aitafune anaweza kuvunja jino la nyuma, na madaktari wa mifugo hulionya hilo mara kwa mara.

Wapinzani hawamlaumu mbwa mwenyewe. Wanawatazama kulungu. Mwisho wa majira ya baridi wanyama hawa wanaishi kwa mafuta waliyoyaweka mwilini, na kila mbio huyapunguza. Utafiti uliofanywa Boulder, katika jimbo la Colorado, na kuchapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba kulungu hushtuka na kukimbia wangali mbali zaidi mtu akiwa na mbwa kuliko akiwa peke yake. Ili wanyama wasisumbuliwe wakati huo, Colorado hufunga ukusanyaji wa pembe kwenye ardhi ya umma magharibi mwa barabara kuu ya I-25 tangu Januari 1 hadi Aprili 30, Wyoming ina katazo linalofanana na hilo upande wake wa magharibi, na Utah ilisimamisha ukusanyaji jimbo zima kwa muda mwaka 2023 baada ya theluji kali.

Hapa ndipo ugumu ulipo. Pembe mpya ndiyo yenye harufu kali na bei nzuri. Ikikaa, jua huipausha, nayo panya na kindi huitafuna kwa ajili ya kalsiamu na fosforasi. Basi mbwa huwa hodari zaidi katika wiki zilezile anazopaswa kubaki nyumbani. Hata hivyo anayesubiri hadi Mei hapotezi kila kitu: nyasi huwa zimepanda, macho ya mtu hayafui dafu, na pua bado inafanya kazi.

Hoja kwamba kumzoesha mbwa harufu ya pembe ni kumfundisha kuwinda kulungu naikubali nusu. Mbwa anaweza kutenganisha harufu mbili akizawadiwa kwa moja tu. Ila asiyeitikia mwito wakati kulungu anatimka mbele yake hajafuzu, hata akileta pembe kumi. Abaki kwenye kamba ndefu.

Mahali nako kuna uzito wake. Kwenye mashamba ya majimbo ya Iowa au Illinois, kwa ruhusa ya mwenye shamba, kulungu hupata masazo ya mahindi, na sioni sababu ya kumzuia mbwa mtiifu. Ndani ya hifadhi ya Yellowstone hakuna cha kujadili, kwa kuwa kuokota pembe ni marufuku. Mjadala wenyewe uko kwenye malisho ya majira ya baridi katika majimbo ya magharibi, na huko naona kufungua msimu Mei 1 hakutoshi kwa mwenye mbwa. Majike ya wapiti huzaa kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Juni, na ndama katika siku za mwanzo hakimbii. Hujilaza kimya kwenye nyasi ndefu, palepale mbwa alipofundishwa kutia pua.